Uliza Ujibiwe: Wabunifu na Safari ya Kuelekea Malighafi za Mimea

Katika toleo lililopita tuliwataja kwa ufupi wabunifu wa mavazi, viatu, mikoba, samani na vifungashio wanaoshirikiana ili kuharakisha kuachana na malighafi zitokanazo na mafuta ya petroli au na wanyama, na kuhamia kwenye zile zitokanazo na mimea. Barua zilizofuata zilikuwa nyingi kuliko kurasa zetu. Tumechagua saba, na pale ambapo wasomaji kadhaa waliuliza jambo moja tumeziunganisha barua zao.

Mita elfu moja

SWALI: Ndugu mshauri, nimebuni mikoba kwa miaka tisa. Minne ya mwisho nimeitumia kutafuta kitambaa cha nyuzi za mimea kitakachochukua nafasi ya ngozi ya plastiki. Nimekipata, lakini kiwanda hakipokei oda isiyofika mita elfu moja, nami kwa mwaka mzima situmii zaidi ya mita mia mbili. Rafiki yangu ananishauri niungane na wabunifu wenzangu wanne. Hao ndio washindani wangu. Kwa nini niwaonyeshe chanzo nilichokitafuta kwa jasho langu mwenyewe?

JIBU: Ndugu yangu, uchungu wa kumpa mwenzako kitu ulichokihangaikia kwa miaka minne naufahamu, na sitakwambia kwamba hauna msingi. Hata hivyo, tuanze na hesabu ya kiwanda. Kabla mita ya kwanza ya kitambaa chako haijatoka, mashine husimamishwa, uzi uliokuwamo huondolewa, mtande mpya (nyuzi za urefu) hufungwa, mvutano wake hurekebishwa, na kipande cha kwanza hutupwa kwa sababu hakijatulia. Kazi hiyo ni ile ile, uwe umeagiza mita 200 au mita 10,000. Poliyesta, uzi utokanao na petroli, haina shida hiyo kwa kuwa oda zake hazikatiki: zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazozalishwa duniani kwa sasa ni poliyesta, na mashine, kemikali, vipimo na mafundi vimekwisha kuizoea. Kwa hiyo mwenye kiwanda anayekukatalia hakudharau. Anakuambia kwamba kwa mita 200 atafanya kazi kwa hasara.

Sasa turudi kwenye barua yako. Wewe na wenzako wanne ni watu watano, na kila mmoja akihitaji mita 200, mita elfu moja zimetimia. Mlango uliougonga kwa miaka minne unafunguka siku hiyo hiyo, kwa sharti kwamba mkubaliane juu ya kitambaa kimoja cha msingi: upana wake, uzito wake kwa mita ya mraba, namna kilivyofumwa. Hapo ndipo wengi hushindwa, kwa sababu kila mmoja huja na kitambaa chake kichwani. Rangi na umaliziaji vinaweza kutofautiana baadaye. Kitambaa cha msingi lazima kiwe kimoja.

Kuhusu siri, jiulize mteja wako hununua nini hasa. Sidhani kama amewahi kuuliza jina la kiwanda kilichofuma. Ananunua mkato wako, namna mpini unavyokaa begani, mshono usioachia. Hayo hakuna anayekutaka uyatoe.

Tena kuna hasara nyingine ya kujificha, nami nimeionja. Nilipokuwa nikitengeneza mabegi ya safari nilitumia mikanda ya mkonge iliyofumwa. Ikiwa mikavu ilipendeza na ilikuwa imara. Iliponyeshewa ilinenepa na kufupika, ikauvuta mshono, na bizimu ikapinda upande. Nilihangaika miezi saba kabla ya kugundua kwamba inatosha kuulowesha mkanda na kuukausha mara mbili kabla ya kuushona. Baadaye nilikutana na wabunifu wawili walioshindwa na jambo lile lile, mmoja wao miaka miwili kabla yangu. Nyuzi za mimea hunywa maji kwa asili yake: juti katika hewa ya kawaida ya maabara hubeba unyevu wa zaidi ya asilimia 13 ya uzito wake, wakati poliyesta haifiki hata asilimia 1. Mtu aliyezoea poliyesta hana sababu ya kulijua hilo mpaka limpate. Karatasi moja yenye maneno "lowesha kwanza" ingeniokolea miezi saba, lakini aliyekuwa nayo aliiona kuwa ni siri ya kazi.

Ushahidi kwamba wanunuzi wakiungana mambo husogea upo. Mwaka 2013 shirika la Canopy lilianzisha mpango wa CanopyStyle, ambamo wabunifu na makampuni ya mavazi huahidi kutonunua viskosi (uzi unaotengenezwa kwa rojo la miti) iliyotokana na misitu ya kale au iliyo hatarini. Kampuni moja ikiuliza mti umetoka wapi, mzalishaji anaweza kunyamaza. Walipouliza wengi kwa pamoja, tena kwa maneno yale yale, wazalishaji wakubwa walikubali kukaguliwa, na Canopy huchapisha ripoti inayowapanga kwa alama.

Usiingie, lakini, ukidhani kwamba kuungana peke yake kunatosha. Oktoba 2020 kampuni ya Bolt Threads ilitangaza ushirika na Adidas, Kering, lululemon na Stella McCartney kwa ajili ya Mylo, kifaa kilichofanana na ngozi kilichooteshwa kwa nyuzi za kuvu. (Kuvu si mmea, najua, lakini somo ni lile lile.) Majina yalikuwa makubwa na fedha zilikuwapo, ila mwaka 2023 uzalishaji ulisitishwa kwa sababu mtaji wa kuupanua haukupatikana. Kifaa kinachohitaji kiwanda kipya kabisa kina shimo pana zaidi la kuruka kuliko kitambaa kinachofumwa kwa mashine zilizopo. Chako kinafumwa kwa mashine zilizopo. Waite wenzako.

Kilichoandikwa na kilichomo

SWALI: Shikamoo mshauri. Mimi ni mwanafunzi wa ubunifu, mwaka wa pili. Nimetumiwa sampuli ya "ngozi ya mimea" kwa ajili ya mradi wangu. Nilipoikwaruza kwa wembe niliona utando unaong'aa kwa juu, tabaka la rangi ya kahawia katikati, na kitambaa cheupe chini. Je, hiki ni kitu cha mimea kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umefanya jambo ambalo wengi waliokutangulia kazini hawalifanyi, yaani umekwaruza. Tabaka la kahawia huenda kweli ni unga au nyuzi za mmea. Utando wa juu mara nyingi ni poliyurethani, plastiki inayozuia maji na mikwaruzo, na kitambaa cha chini mara nyingi ni poliyesta. Mwaka 2021 watafiti wa taasisi ya FILK iliyoko Freiberg, Ujerumani, walilinganisha ngozi na vifaa mbadala kadhaa vya aina hiyo. Walikuta kwamba hakuna hata kimoja kilichofikia sifa zote za ngozi, na kwamba baadhi yake vilikuwa na plastiki ndani. Kuwapo kwa plastiki hakukifanyi kifaa kuwa laghai. Piñatex, iliyobuniwa na Carmen Hijosa kutokana na majani ya mnanasi yanayobaki baada ya mavuno, nayo huwa na sehemu ya nyuzi zisizo za mnanasi pamoja na umaliziaji wa utomvu juu yake. Laghai ni kuandika neno "mimea" kwa herufi kubwa na kuacha kuandika asilimia.

Kitambaa cha chini unaweza kukipima mwenyewe. Chomoa uzi mmoja, ushike kwa kibano cha chuma juu ya sahani isiyoshika moto, dirisha likiwa wazi, kisha uusogeze pole pole kwenye ndimi za mshumaa. Uzi wa mmea hauukimbii moto. Hushika haraka, hunuka kama karatasi inayoungua, na huacha majivu mepesi ya kijivu yanayovunjika ukiyagusa. Poliyesta hujikunja na kurudi nyuma kabla haijaguswa na moto, huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na ikipoa huacha kitone kigumu ambacho hakisagiki kati ya vidole. Ukiona majivu na kitone pamoja, uzi umechanganywa. Kipimo hiki hakitakutofautishia pamba na viskosi, kwa kuwa zote mbili ni selulosi itokanayo na mimea, na kwa utando wa juu usikitumie, maana moshi wa poliyurethani ni wa sumu.

Maabara ina njia ya uhakika zaidi. Mmea uliovunwa juzi una kaboni-14 iliyotoka hewani. Mafuta ya petroli yamekaa ardhini mamilioni ya miaka, na kwa kuwa kaboni-14 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi, ndani yake hakuna iliyobaki. Kwa kupima kiasi chake, maabara hukwambia ni sehemu gani ya kaboni ya kifaa imetokana na viumbe na ipi imetokana na petroli. Kipimo hicho ni ghali kwa mwanafunzi mmoja, lakini darasa zima mkichangia kupima sampuli moja na kubandika jibu ukutani, wanafunzi wa miaka itakayofuata hawatahitaji kulipia swali lile lile. Na kwa muuzaji, andika maswali matatu: asilimia ya mmea kwa uzito wa kifaa chote ni ngapi, utando wa juu ni wa nini, na matabaka yameshikamanishwa kwa gundi gani. Asiyejibu moja kati ya hayo mwache.

Mianzi

SWALI: Kitambaa laini cha mianzi kinachosifiwa kila mahali, nikitumie?

JIBU: Kikiwa laini kama hariri, karibu kila mara ni viskosi: mwanzi umegeuzwa rojo, ukayeyushwa kwa kemikali zikiwamo salfidi-kaboni ambayo ni sumu kwa wafanyakazi, kisha ukavutwa kuwa uzi upya. Mwaka 2009 Tume ya Biashara ya Marekani iliyashtaki makampuni kadhaa kwa kuuza viskosi kwa jina la mianzi. Uliza kama ni liyoseli, ambayo hutumia kiyeyushi kinachorejeshwa mtamboni karibu chote. Kumbuka pia kwamba viskosi ikilowa inaweza kupoteza hadi nusu ya nguvu zake. Usiishonee kitu kinachobeba mzigo.

"Mbona mnayaita mapya?"

SWALI: Mimi ni fundi wa sakafu, umri wangu umesogea. Mnapoandika kuhusu malighafi za mimea kana kwamba zimezaliwa leo, huwa nashangaa.

JIBU: Mzee wangu, una haki ya kushangaa, na heri wabunifu vijana wangekaa na mafundi wa rika lako. Linoleamu, tandiko la sakafu ambalo Mwingereza Frederick Walton alilipatia hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) mwaka 1863, ni mafuta ya mbegu za kitani yaliyoachwa yagande hewani, yakachanganywa na utomvu wa miti na unga wa magome ya mwaloni, yale yanayotengenezewa vizibo vya chupa, kisha yakapakwa juu ya kitambaa cha juti. Ilikanyagwa hospitalini na shuleni kwa vizazi kadhaa. Iliporudishwa nyuma na sakafu za plastiki katikati ya karne ya 20, haikuwa kwa sababu ilishindwa kazi. Plastiki ilikuwa rahisi kutengeneza na haikudai kungoja mafuta yakauke. Pamoja na kiwanda kilichofungwa hupotea pia mtu aliyejua linoleamu ining'inizwe siku ngapi ili ikauke, na maarifa hayo huwa magumu kuyarudisha kuliko mashine yenyewe. Ikiwa una daftari la kazi zako za zamani, tafadhali usilitupe.

Kifungashio kilichopinda

SWALI: Sisi ni ofisi ndogo ya wabunifu wa vifungashio. Tulimshauri mteja atumie vyombo vya plastiki ya mahindi inayoitwa PLA. Shehena ilikaa ndani ya gari juani, na vyombo vikapinda. Vilivyobaki mteja alivifukia bustanini. Baada ya mwaka mzima akavikuta vizima. Sasa anasema tulimdanganya. Tulikosea wapi?

JIBU: Kwa barua yenu naona makosa mawili, na yote mawili yangeweza kuonekana mapema. PLA huanza kulegea joto likikaribia nyuzi 60 za Selsiasi, na gari lililofungwa juani hukaribia hapo bila shida. Ziko aina zilizotiwa uwezo wa kustahimili joto zaidi. Hizo ndizo zilizohitajika kwa safari hiyo.

Kosa la pili ni la neno. Mteja alisikia "huoza" akaelewa udongo. Kipimo cha Ulaya cha EN 13432, ambacho vifungashio vingi vya namna hiyo hukitumia, hudai kwamba sehemu isiyopungua asilimia 90 ya kifaa iwe imeliwa na vijidudu ndani ya miezi sita, lakini katika mazingira ya mtambo wa mboji, ambako joto hukaa kwenye nyuzi hamsini na kitu hadi sitini, na unyevu na hewa vinasimamiwa. Bustani haina joto hilo. Na wapo wengine wanaofanya kosa la kinyume chake: polithini ya miwa, ambayo kampuni ya Braskem ya Brazili huizalisha kwa wingi tangu mwaka 2010, imetoka kwenye mmea kabisa, lakini ikishakuwa polithini ni polithini kama nyingine, haiozi, na pahali pake ni kwenye mkondo wa kurejelezwa. Mahali kifaa kilikotoka na mahali kitakakoishia ni maswali mawili, na jibu la moja halikupi jibu la lingine.

Mteja mwombeni radhi kwa maandishi. Kisha, kwa ruhusa yake na bila kumtaja, waambieni wabunifu wenzenu kilichotokea, joto likiwa kiasi gani na kwa saa ngapi. Najua ni vigumu. Habari ya namna hii ndiyo inayokosekana kwenye vipeperushi vyote vya wauzaji.

Ardhi

SWALI: Kila kitu kikitengenezwa kwa mimea, chakula kitalimwa wapi?

JIBU: Kwa sasa mazao ya plastiki za mimea hayafiki asilimia 0.1 ya ardhi ya kilimo duniani, kwa sababu plastiki hizo zenyewe bado ni sehemu ndogo sana ya plastiki zote. Swali lako lina uzito kwa siku zijazo: tukijaribu kubadilisha kila tani ya plastiki kwa tani ya mmea na kuendelea kutupa vile vile, ardhi haitatosha. Njia ya kwanza ni kutumia kinachobaki. Jani la mkonge hutoa nyuzi za kiasi cha asilimia 4 tu ya uzito wake. Makumbi, mashina ya migomba na majani ya mnanasi nayo huachwa shambani au huchomwa moto. Lakini hata mabaki si ya bure, kwani baadhi hurudisha rutuba ardhini, na mkulima ndiye anayejua kiasi gani kinaweza kuondolewa. Njia ya pili ni kubuni vitu vichache vinavyodumu, na hilo liko mikononi mwa mbunifu kuliko mkulima.

Tumekubaliana, tuanzie wapi?

SWALI: Tuko wabunifu sita: wawili wa mavazi, wawili wa mikoba, mmoja wa viatu na mmoja wa samani. Tumekubaliana kushirikiana kuhamia malighafi za mimea, lakini tumekutana mara tatu na kila kikao kimeisha kwa maneno matupu. Mmoja wetu anaogopa kuibiwa wazo lake, mwingine anasema sheria hairuhusu washindani kukaa meza moja.

JIBU: Wote wawili wana sababu, basi nianze nao. Sheria za ushindani za nchi nyingi hukataza washindani kupatana bei za kuuzia au kugawana wateja. Hayo msiyazungumze kabisa, hata kwa mzaha. Kununua malighafi kwa pamoja, kugharimia vipimo na kuandika viwango vya kiufundi kwa kawaida huruhusiwa, ila mwonyesheni mwanasheria makubaliano yenu kabla hamjatia saini. Kuhusu wazo: ikiwa mwenzenu ana uvumbuzi anaotaka kuuombea hataza, afungue maombi kwanza ndipo aseme, kwani katika nchi nyingi jambo lililokwisha kutangazwa haliwezi kupewa hataza. Sheria hiyo hiyo huwafaa wanaotaka kinyume. Mkichapisha hadharani namna ya kufanya jambo, hakuna atakayekuja kesho kulifungia kwa hataza na kuwadai ninyi.

Wako waliochagua njia hiyo ya wazi. Mwaka 2018 kampuni ya viatu ya Allbirds ilitoa SweetFoam, soli ya povu iliyotokana na miwa waliyoitengeneza pamoja na Braskem, na ikawaruhusu washindani wake waitumie. Hesabu yao ilikuwa nyepesi: oda zikiwa nyingi, malighafi hushuka bei kwa wote. Shirika la Materiom nalo huchapisha bure mapishi ya vifaa vinavyotokana na mimea na mwani, ili mtu yeyote ayajaribu na kuyaboresha. Na makampuni makubwa hayajaepuka meza moja: Juni 2012 Coca-Cola, Ford, Heinz, Nike na Procter & Gamble yaliungana kutafuta plastiki ya PET, ile ya chupa za vinywaji, ya mimea mitupu. Sehemu moja ya PET, kama asilimia 30 ya uzito, ilikwisha kupatikana kutokana na miwa. Asilimia 70 iliyobaki ndiyo iliyowasumbua, na chupa ya mimea mitupu iliyoonyeshwa Milan mwaka 2015 ilikuwa ya maonyesho. Walichagua tatizo gumu kuliko yote. Ninyi chagueni jepesi.

Ushauri wangu ni kwamba muanze na bitana. Nyote sita mnaitumia, hata mwenye samani chini ya viti vyake. Haionekani, kwa hiyo hamtagombania rangi wala sura. Haisuguliwi sana kama kitambaa cha nje. Na kwa wengi wenu, bila shaka, sasa hivi ni poliyesta ambayo hakuna hata mmoja aliyekaa akaichagua. Ilikuwapo tu dukani. Andikeni ukurasa mmoja: upana, uzito kwa mita ya mraba, aina ya nyuzi, ni mizunguko mingapi ya kusuguliwa kwenye mashine ya Martindale inayokubalika, isinyae kwa asilimia isiyozidi ngapi baada ya kufuliwa. Mmoja wenu, mwenye mwandiko wa subira, awe mtunzaji wa ukurasa huo, na asiubadilishe mtu peke yake. Kisha jumlisheni mahitaji yenu ya mwaka, mpeleke namba moja kiwandani badala ya sita. Kiwanda kikikubali, kiulizeni kinanunua nyuzi kwa nani na kama ahadi yenu ya miaka miwili au mitatu inaweza kumfikia mkulima kwa maandishi, kwa sababu yeye ndiye anayepanda leo kitu atakachokivuna muda mrefu baadaye bila kujua kama bado mtakitaka.

Na kikao cha nne msikifungue kwa hotuba. Kila mmoja aje na kipande kimoja cha malighafi ya mmea kilichomshinda, kilichochanika, kilichopauka, kilichonuka, chochote kile, kikiwa na kikaratasi kinachotaja tarehe, alichokifanya na kilichotokea. Viwekeni mezani vipande vyote sita, mvishike kwa mikono, na mtunzaji aandike.